Viatu Shingoni

Mwalimu alikuwa akitoa maksi kwa kila kitu. Sambusa za yule mama Mkenya aliyeuza baada ya ibada kanisani kwetu Hallunda, nje ya Stockholm: saba juu ya kumi, chumvi imezidi. Mahubiri ya mchungaji: tano, hakujibu swali aliloliuliza mwenyewe. Dereva wa basi la Fittja aliyefunga mlango huku bibi mmoja bado anakimbia na mifuko: mbili, na hizo mbili ni za kushika usukani vizuri. Kiswidi changu: tatu. Hiyo tatu alinipa mbele ya wafanyakazi wangu, ndani ya gari langu mwenyewe, nami nikacheka, kwa sababu mkubwa akiguswa hadharani hucheka. Lakini sijaisahau mpaka leo.

Kumi hakumpa mtu. "Nikikupa kumi, Patron, utafunga daftari uende nyumbani," alisema.

Patron ni mimi. Nilifika Sweden na begi moja na darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Nilianza kwa kudeki ngazi za watu peke yangu, nikipanda treni na ndoo mkononi, Waswidi wakinipisha kama nimebeba maji ya moto. Ilipofika katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa na magari matatu, jina langu limeandikwa ubavuni kwa herufi za buluu, na watu kumi na wanne wananiita Patron. Sikusoma, lakini niliwaajiri waliosoma. Sentensi hiyo nilikuwa nikiisema kwenye harusi, na watu walikuwa wakipiga makofi.

Kati ya waliosoma, wa kwanza alikuwa Mwalimu. Ninaandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na kosa lenyewe watu wa kanisani walilichukua kuwa ndio wema wangu mkubwa kuliko wote.

Huko kwetu, kwenye milima ya juu ya Uvira, mji wa kando ya ziwa, alikuwa mkuu wa shule ya msingi. Vyeti vyake vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, vimekunjwa mara nne, vina doa la maji ya ziwa. Ofisi ya kazi hapa walivitazama kwa heshima, wakavirudisha kwa heshima, wakampeleka kwenye kozi ya lugha. Alipomaliza wakampeleka kwenye kozi nyingine. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mkewe alishafariki, na alichoka kukaa kwenye kidawati cha watoto akiambiwa aeleze hali ya hewa. Siku moja baada ya ibada alinifuata pale kwenye chai akasema, "Patron, nasikia unatafuta watu. Mimi najua kufuta ubao."

Nilimwajiri hapo hapo. Niseme ukweli: nilijisikia mrefu. Mwalimu mkuu, mtu ambaye kule kwetu ningemvulia kofia njiani, leo anasubiri nimwambie choo kipi aanze nacho.

Alivaa tai. Chini ya ovaroli, kila siku, tai ya kahawia yenye fundo dogo gumu kama kokwa. Mfukoni kifuani kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Wenzake walimtania. "Mwalimu, unaenda kudeki au kusimamia mtihani?" Naye anajibu, "Vyote viwili. Wewe utaanguka." Alideki kama anavyofuta ubao, kutoka kushoto kwenda kulia, juu kushuka chini, kisha anarudi nyuma hatua tatu na kutazama. Akiona mstari, anarudia. Nilimgombeza sana kwa kuchelewa. Nilimwambia mteja halipii kutazama. Akaniuliza kwa upole, "Na nani amekagua, Patron?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake duniani. Ukimwambia jambo limekwisha, anakuuliza nani amekagua.

Alikuwa mtu wa kukataa na kukubali mahali pasipofanana. Hakukalia kiti cha mteja hata akiwa amechoka vipi; alipumzika amesimama, mkono juu ya mpini. Lakini chochote kilichobandikwa ukutani alikisoma chote, tangazo la karamu, ratiba ya kuosha vyombo, orodha ya simu. Karatasi iliyo mezani hakuitupia jicho. Nilimuuliza tofauti ni nini. Akasema, "Ya mezani ni ya mtu. Ya ukutani ni ya darasa." Nilicheka. Laiti ningesikiliza, maana kila kilichotokea baadaye kilikuwa ndani ya maneno hayo.

Tena aliogopa bunduki na kupenda vita. Vita vyake mwenyewe, vile vilivyomtoa nyumbani na kumvusha ziwa, hakuvitaja hata mara moja. Vya baba yake alivijua kana kwamba alikuwa amebebwa begani. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Wabelgiji, akapelekwa mpaka Abisinia kupigana na Waitaliano. Walipanda meli za mto, wakatembea, wakapanda malori, wakatembea tena, wakafika mahali pa joto la kuua, kisha wakapanda milima yenye baridi ya kuua. Habari hiyo tuliisikia garini asubuhi na mapema, kutoka Fittja mpaka katikati ya mji, mimi nikiendesha, yeye pembeni yangu, wengine nyuma wamelala. Kuna kipande alichokipenda kuliko vyote. Walipewa viatu vya buti, kila mtu jozi yake, lakini miguu yao haikuwahi kufungiwa ndani ya kitu, ikavimba, ikatoka malengelenge. Basi wakafunga kamba za viatu pamoja wakavitundika shingoni, wakatembea miguu mitupu mpaka Abisinia.

"Mbele ya wakubwa walivaa," Mwalimu alisema. "Mbele ya Waitaliano walivua. Vita vya kweli vilipiganwa pekupeku, Patron."

Mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio. Si kwa ubaya. Nilikuwa nimekwisha kuisikia, na nilikuwa na hesabu zangu kichwani za nani aende wapi.

Mteja niliyejivunia kuliko wote siku zile ni kampuni moja ya vijana waliokuwa wakitengeneza gemu. Orofa mbili, mtaa wa Södermalm katikati ya mji, madirisha mpaka chini. Sikuwa najua kama kuna watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo. Walikuwa wanatengeneza gemu ya vita vya zamani, Vita vya Pili vya Dunia, ya kucheza kwenye televisheni na pedi mkononi: wewe huonekani, unaona mikono yako tu na bunduki yako, unakwenda unapiga. Kila mahali palikuwa na picha za askari, ramani, kofia za chuma za kweli. Niliwaambia watu wote wa Botkyrka, wilaya yetu, kwamba kampuni yangu inasafisha mahali vita vinapotengenezwa. Niliwaambia pia, na hapa niliongeza chumvi, kwamba wakubwa wa pale wananiita kwa jina na tunakunywa kahawa pamoja. Kahawa yenyewe sijawahi kupewa. Miaka miwili nimeingia na kutoka pale, mwenye kampuni, mtu wa magari matatu, hakuna aliyenivutia kiti.

Siku ya kwanza Mwalimu alikuta bunduki juu ya meza moja, ya plastiki, lakini imetengenezwa vizuri mno. Alirudi nyuma mpaka akagonga ndoo. Wiki nzima hakuisafisha meza ile. Nilipomwambia ni ya kuchezea, alianza kuifunika kwanza kwa kitambaa cha manjano, anasafisha kuizunguka, kisha anakiondoa kitambaa akiwa ameangalia pembeni. Mtu huyo huyo alisimama mbele ya picha za vita ukutani mpaka nikawa nampigia mluzi.

Kisha wale vijana wakaanza sehemu ya Afrika. Picha kubwa ikabandikwa kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea jikoni: askari weusi wanapanda mlima kwa mstari, mizigo mgongoni, mawingu nyuma. Ilikuwa nzuri, hata mimi niliiona nzuri. Mwalimu alisimama pale siku ya kwanza muda mrefu. Garini, wakati wa kurudi, hakutoa habari ya baba yake. Nilidhani anaumwa.

"Umeiona ile picha, Patron?" akauliza tulipofika Fittja.

"Nimeiona."

"Umeona miguu?"

"Miguu ina nini?"

"Bon, haya," akasema, akashuka.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na meneja wa pale, mwanamke wa nywele fupi, aliyeongea haraka. Mtu ameandika kwenye picha yetu ukutani, akasema, unaweza kuja? Mkataba wetu ulikuwa karibu kuisha na ulikuwa bado haujasainiwa tena. Na mimi ndiye niliyewaapia kwamba watu wangu hawagusi kitu.

Nilipofika sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mwandiko ule wa kulala, wa wino mwekundu, hakuna mwingine kama ule Stockholm nzima. Alikuwa amezungushia duara buti za askari wa kwanza, kisha mshale, mrefu, umenyooka kama amepiga rula, kutoka miguuni mpaka shingoni. Pembeni kwa Kifaransa: viatu shingoni, miguu mitupu. Na chini kabisa, pembe ya kulia, mahali pake hasa, 6/10, imepigiwa mistari miwili.

Meneja alikuwa amesimama na kijana mmoja wa ndevu, ndiye aliyeichora. "Tulitaka kujua ni nani," akaanza, "kwa sababu..."

"Han har slutat," nikasema. Ameacha kazi. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba nimemfukuza mwenyewe jana yake.

Sikumwacha amalize sentensi. Nawajua watu wanaosema hawakupata nafasi ya kufikiri. Mimi nilipata, nilifikiri tangu Fittja mpaka pale, na kitu nilichofikiri ni hicho.

Yule kijana wa ndevu alishusha mabega. Akasema miezi mingi amekuwa akitafuta vitabuni na hakuna aliyemwambia hili. Alitaka kukaa na huyo mtu. Saa moja tu, kahawa, amuulize kingine anachokijua. Meneja akasema, "Basi tupe namba yake ya simu, tutampigia wenyewe."

Mlango ulifunguliwa hivyo, kwa upana huo. Ningeweza kusema, samahani, niliogopa, mtu huyo bado yuko kazini kwangu, anakuja kesho. Wangecheka. Nikawatazama wote wawili, na nitaandika nilichokifikiria hata kama ni aibu: nilifikiri, kahawa? Mimi je?

"Amehama mji," nikasema. "Sina namba."

Mkataba ulisainiwa wiki iliyofuata. Hawakuwa wamekusudia kuuvunja.

Jioni ya siku ile ya picha Mwalimu nilimkuta nyumbani kwake anasahihisha gazeti la bure la kwenye treni, akipigia mistari makosa ya uchapaji. Nikamwambia wazungu wamekasirika. Nikamwambia walitaka kuita polisi, picha ile ni mali ya mamilioni, nami nimewaomba, nimesimama kama mwanamume, nimewaambia huyu ni mzee wangu. Nimekuokoa, nikasema. Ila pale huwezi kurudi tena. Utakwenda Hallonbergen, kwenye ngazi za maghorofa.

Mpaka leo sijui kwa nini niliongeza polisi. Ulimi wangu umezoea kupamba.

Alisikiliza amesimama. Kisha akaichomoa kalamu nyekundu mfukoni akaniwekea kiganjani, akavifunga vidole vyangu juu yake kama unavyomfungia mtoto sarafu.

"Chukua, Patron. Mtu mzima kama mimi. Nilidhani niko shuleni."

Tangu siku ile hakutoa maksi tena.

Mwanzoni sikutambua. Aliyetambua ni yule mama wa sambusa. "Mwalimu, leo ngapi?" anamuuliza, mkono kiunoni, tayari kwa ugomvi. "Ni nzuri, mama." "Nzuri ngapi?" "Nzuri tu." Mama akaniangalia mimi. "Patron, huyu mzee anaumwa nini?" Nikamwambia ni baridi. Mchungaji akahubiri dakika tisini bila kusahihishwa. Safari zetu za garini nazo zikaisha, maana Hallonbergen alikwenda kwa treni, anabadilisha mjini, mstari mwekundu mpaka wa buluu, na tai yake. Ngazi zile alizideki vizuri. Wapangaji wawili walinipigia simu kumsifu, kitu ambacho hakijatokea kabla wala baada yake tangu niwe kwenye kazi hii. Nilikwenda kumkagua mara moja. Alimaliza ngazi, akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Kisha akanigeukia akasubiri niseme mimi. Mimi, wa darasa la nne.

Na alinishukuru. Hilo ndilo lililonimaliza. Kila Krismasi aliniletea sombe la majani ya muhogo, alilolipika mwenyewe kwa mawese, ndani ya bakuli la kifuniko cha buluu, limefungwa kwa taulo lisipoe. Mke wangu alilirudisha bakuli na wali ndani au nyama, maana bakuli la mtu halirudi tupu kwetu, na Krismasi nyingine likaja tena. Na kanisani, wakati wa maombi, zamu yake ikifika, baada ya wagonjwa na wasafiri alikuwa anasema kwa sauti ile ya ubaoni: "Na Patron wetu, aliyenitetea mbele ya wakubwa." Kanisa zima: Amina. Watu wakanipa mkono mlangoni. Kwenye harusi moja mshereheshaji aliisimulia kabisa, jinsi nilivyowakabili wazungu, na nikasimama nikapunga mkono. Nilipunga, ndiyo.

Gemu ilitoka. Binti yangu aliinunua kwa pesa za siku yake ya kuzaliwa. Ni yeye anayezipenda, kaka zake wanapenda mpira. Nilikuwa nimelala kwenye kochi, nimetoka kazini. Nikasikia milio, nikafumbua jicho. Mlima. Mawingu. Mstari wa askari weusi wanapita mbele ya bunduki, mmoja mmoja, wanahema. Na kila mmoja, buti mbili zimefungwa kamba, zinaning'inia shingoni, zinagongana kifuani. Miguu mitupu.

"Simamisha," nikasema.

"Va?" Nini, kwa Kiswidi, bila kunitazama. Nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, ndivyo nyumba yetu ilivyo.

"Simamisha nimesema!"

Akasimama. Katika gemu ile ukisimama wewe, wale askari nao wanasimama, wanakungoja, wanafuta jasho. Tukatazamana nao. Binti yangu akasema kwa Kiswidi, "Baba, mbona unalia?" Nikamwambia silii. Alipoimaliza gemu, siku nyingine, yalipita majina, mamia, ya waliochora na waliopiga muziki na walioleta chakula. Nikayasoma yote kwa shida. Nilikuwa natafuta jina la kampuni yangu. Nilipofika mwisho ndipo nilipokumbuka kuna jina jingine nililopaswa kulitafuta, na kwamba hilo haliwezi kuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyesema halina namba ya simu.

Ungefikiri nilikwenda kwa Mwalimu kesho yake. Gemu ile ilikaa chini ya televisheni yetu miaka mitatu. Kalamu ilikaa kwenye kisanduku cha gari, kisha cha gari jipya nilipobadilisha, kila mara naihamisha kwa mkono wangu mwenyewe. Sombe likaja, tukala.

Nilikwenda alipokuwa amekwisha kustaafu na miguu imeanza kuvimba, hatoki tena isipokuwa Jumapili akifuatwa na gari. Orofa ya sita, Fittja, dirisha linatazama maji. Nilibeba ile mashine kwenye sanduku, na nyaya, na pedi, mchana wa Jumamosi, nikihema kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alinifungulia na tai shingoni.

"Patron! Umeleta nini, redio?"

"Nimekuletea vita vya baba yako, Mwalimu."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua vizuri. Nikaunganisha nyaya. Ilinichukua muda, nikampigia binti yangu simu mara mbili, anacheka huko. Kisha nikaanza kucheza, nami sijui. Sehemu ya Afrika iko katikati, lazima uvuke daraja kwanza, na pale darajani nilikufa. Nikafa tena. Mwalimu alikaa pembeni, mikono magotini, mwanzoni uso ameugeuza bunduki ikitokea, kisha kidogo kidogo akaanza kutazama, kisha akaanza kucheka.

"Umekufa, Patron."

"Nimeona."

"Umekufa tena. Yule alikuwa nyuma ya pipa, mimi nilimwona. Wewe una haraka."

"Shika wewe basi!"

"Mimi? Mimi ni wa kukagua."

Neno hilo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka sita. Nikavuka daraja. Ukaja mlima, yakaja mawingu, wakaja wale askari. Hakunielekeza kitu. Walipopita wawili watatu akainua mkono, mkono wa kunyamazisha darasa, nami nikasimama, nao wakasimama.

Alinyanyuka kwa shida, akaisogelea televisheni mpaka pua karibu iguse kioo. Akaweka kidole juu ya viatu. Akakipeleka kwenye miguu. Nikasikia anahesabu vidole vya mguu, kwa Kifaransa, polepole, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo ilivyokuwa. "Njo vile vile." Kisha, bila kugeuka: "Basi hawakukasirika."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Mimi ni mtu wa maneno.

"Hawakukasirika, Mwalimu."

"Walisema nini?"

"Walitaka kukuona. Yule aliyechora. Alitaka mkae, mnywe kahawa, umweleze yote."

"Lini?"

"Siku ile ile."

"Na wewe ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Polisi?"

"Hakukuwa na polisi."

Aligeuka sasa. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akanyoosha tai. Askari nyuma yake kwenye televisheni walikuwa wanafuta jasho.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kupoteza ofisi."

"Hilo ni jibu la kwanza," akasema. "Mwanafunzi husema la kwanza ili asiulizwe la pili. La pili?"

Sikutaka kulisema. Nina magari saba sasa, na watu thelathini na kitu, na nyumba niliyoijenga Uvira sijalala ndani yake. "Mimi hawakuwahi kunipa kahawa," nikasema.

Akatikisa kichwa juu na chini muda mrefu. "Eeh. Hilo ndilo."

Nikaitoa kalamu nikaiweka mezani. Hakuigusa. Ningependa kuandika kwamba alinigombeza. Aliuliza jambo moja tu: yale majina mwishoni, ni kweli yanapita majina ya watu? Nikasema ni kweli. Akasema, "Ningewapa lake. Hata kama wangeniuliza mambo mengine yote nisiyajue, lake ningewapa." Na akalitaja, jina la baba yake, lote, la nyumbani na la ubatizo na namba aliyopewa jeshini. Miaka yote ile garini, na redio yangu, ndiyo mara ya kwanza kulisikia. Siliandiki hapa. Silo langu la kugawa.

Nilipokuwa nakunja nyaya akasema, "Kila Jumapili nimekuombea, Patron."

"Najua, Mwalimu. Nisamehe."

"Nitaendelea kukuombea. Ila nitabadilisha maneno."

Jumapili iliyofuata nilifikiria kutokwenda. Nikaenda, nikakaa karibu na mlango. Mke wangu aliniuliza kwa nini natoka jasho. Zamu ya Mwalimu ikafika, akasimama kwa kushikilia kiti cha mbele, akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri. Kalamu mbili zilikuwa kifuani kwake, ya buluu na nyekundu.

"Na Patron wetu," akasema, sauti ya ubaoni, "aliyenirudishia kalamu yangu. Baada ya miaka sita."

Amina, wakaitikia wote, wengine wakigeuka kunitazama kwa tabasamu la wasiojua. Baada ya ibada mama wa sambusa alinishika mkono. "Kalamu gani hiyo, Patron? Hadithi yake nini?" Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa hadithi, ulimwambia akamuulize mwenyewe. Akaniacha, akampelekea Mwalimu sahani, akasimama mbele yake na mkono kiunoni kama zamani.

Mwalimu alitafuna polepole, macho juu.

"Sita, mama. Mafuta haya yamekaangiwa jana."

Mama alipiga kelele ya furaha, watu wakasogea, kila mmoja ana chake cha kusahihishwa: huyu keki yake, huyu shati la mwanawe, mchungaji mwenyewe akajileta na mahubiri. Nami nilikuwa pale, nyuma kabisa, nimesimama kwenye foleni kama wengine. Nilingoja mpaka chai ikapoa kikombeni. Alimfikia aliye mbele yangu, akampa nne, akacheka, akafunga kalamu yake, akaomba apelekwe nyumbani.